Uzito wa Mlango wa Fundi Zege

"Na hili koti la bwana harusi atalisafisha nani? Wewe na mwiko wako?"

"Mwambie bwana harusi anunue koti jeupe."

"Nimwambie nini?"

"Jeupe. Halitaonyesha."

Mama Redio alilinyanyua koti juu ya ukuta mfupi uliotenganisha nyumba mbili, akalikung'uta mbele ya uso wa jirani yake kama anayefukuza kuku. Koti lilikuwa jeusi, limebakiza vifungo tu. Sasa mabega yote mawili yalikuwa yamejaa punje nyeupe, ndogo kuliko mchele na nyepesi kuliko pamba. Ukizipangusa hapa zinahamia kule. Ukizipuliza zinakurudia puani.

Punje zenyewe zilitoka kwenye vibao vya povu gumu, lile jeupe linalokuja na friji mpya ndani ya boksi, ambalo ukilikwaruza linalia mpaka meno yanasisimka. Fundi Zege alikuwa amevilaza kwenye uwanja wa mbele wa nyumba yake, vibao kumi na vinane, anavikata kimoja kimoja kwa kisu cha jikoni, na upepo ulikuwa unamsaidia kusambaza takataka yake mpaka kwenye kibaraza cha watu.

"Kwani unaziba nini huko?" Mama Redio aliuliza.

"Mlango wa gereji."

"Unauziba dhidi ya nini?"

"Joto."

"Joto! Umekaa hapa miaka kumi na moja, joto leo ndiyo umelisikia?"

"Leo ndiyo nimelisikia."

"Baba, gari uliliuza mwaka juzi. Humo gereji joto linamchoma nani? Panya?"

Fundi Zege aliokota kibao alichokwisha kukikata. Alikuwa mwashi mstaafu, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hakuna kitu alichokiamini duniani kisipokuwa kimechanganywa na saruji. Alibeba kibao chake hadi mwisho wa pili wa uwanja, ilikokuwa gereji. Mlango wake ulikuwa wa chuma, ule wa kuinua juu, wenye vipande vinne vilivyoungwa kwa bawaba, umeelekea jua la mchana bila hata kivuli cha waya. Mama Redio alirefusha shingo. Akamwona akichota udongo wa saruji kwa mwiko, anaupaka nyuma ya kibao, anakibandika kwa ndani kwenye chuma, kisha anachota tena na kukipiga plasta kwa juu.

"Jamani, hilo ni povu! Gundi kidogo inatosha!"

"Gundi ni ya watoto wa shule."

"Haya. Na Nesi yuko wapi?"

Mwiko ulisimama hewani kidogo tu, kiasi cha mtu kumeza mate. Lakini Mama Redio aliuona ukisimama.

"Yupo," akasema Fundi Zege.

"Yupo wapi?"

"Si yupo tu."

Kisha akaingia ndani, akauvuta mlango, ukashuka nyuma yake kwa kishindo ambacho hakikuwa cha mlango ule. Mama Redio aliujua mlango ule. Miaka yote ulishuka ukilialia kama mlango wa bati. Leo ulishuka kama jiwe la kaburi.

Mama Redio alirudi kibarazani kwake, akalitupa koti mezani na kusema, "Huyu mtu amefanya kitu."

Ni vizuri kusema mapema kwamba jina la Mama Redio halikuwa la matusi. Ukimwambia jambo asubuhi, kufikia adhuhuri limefika hadi kwa wasioulizia, na yeye mwenyewe alijivunia. Kibaraza chake kilikuwa na cherehani tatu, meza kubwa ya kukatia vitambaa, mabenchi mawili, na watu. Siku zote watu. Wateja waliokuja kupima na wakasahau kuondoka. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa naye na kushona vifungo huku akipinga kila kinachosemwa. Kinyozi wa duka la pili, ambaye asipokuwa na kichwa cha kunyoa alileta chake hapo kukipumzisha. Kicheko cha kibaraza hicho kilianza cherehani ya kwanza ilipoanza, na kilisikika mpaka barabara kuu. Kati ya kibaraza na dirisha la chumba cha kulala cha Fundi Zege na mkewe palikuwa na hatua nne.

"Amefanya nini?" Wifi aliuliza bila kuinua macho.

"Nikijua nitawaambia. Nesi sijamwona siku ya kumi na moja leo."

Hapo hata Kinyozi alikaa sawa. Nesi, mke wa Fundi Zege, hakuwa mtu wa kutoonekana. Kila jioni akitoka wodini alipitia hapo kabla hata ya kwake, anavua viatu, anaweka miguu juu ya benchi na kuuliza, "Leo nani kapatikana?" Ghafla amekatika kama uzi.

"Simu anapokea?" Kinyozi aliuliza.

"Anaandika. Tazama." Mama Redio akawaonyesha. *Nipo mzima, nimechoka tu.* "Nesi huyu huyu asiyependa kuandika, anayenitumia sauti ya dakika saba kunieleza habari ya paka. Hii ameandika nani? Kidole hakina sura."

"Pengine amechoka kweli," Wifi akasema.

"Na sare zake? Ni lini mmeona sare nyeupe kwenye ile kamba ya nguo?"

Wakageuka wote kutazama kamba ya jirani. Palikuwa na suruali mbili za Fundi Zege, ngumu kwa saruji, zimesimama zenyewe.

"Mimi nilimwona akitoa kitanda," Wifi akasema polepole, kama anayejuta kusaidia upande wa pili. "Wiki iliyopita. Alikifungua vipandevipande, akakipitisha mlango wa mbele. Nikadhani anakipeleka kwa seremala."

"Na hukusema?"

"Hukuniuliza."

Kinyozi akashusha sauti. "Mimi kwenye filamu nimeona. Chumba kikizibwa kwa yale mapovu, mle ndani ukipiga kelele, nje hawasikii kitu."

"Kelele za nani?" Mama Redio aliuliza.

 Mteja mmoja aliyekuwa amevaa nusu ya gauni, mkono mmoja ndani na mmoja nje, akasema labda yeye angerudi kesho.

Mama Redio hakucheka. Watu walidhani anapenda umbeya tu, na kweli aliupenda, lakini hili halikuwa la umbeya. Mumewe alipofariki, miaka sita nyuma, kibaraza hiki kilinyamaza mwaka mzima. Alifunika cherehani kwa shuka, akafunga madirisha, akawa anakula amesimama, akikumbuka kula. Ni Nesi aliyeruka ukuta siku moja na nguo tano za kushonwa, nguo ambazo hazikuwa hata zimechanika, akafunua cherehani mwenyewe na kukaa. Kesho yake akaja na mwenzake wa wodini. Keshokutwa wawili. Mpaka kibaraza kikajaa tena. Mtu wa namna hiyo hapotei siku kumi na moja ukakaa unashona vifungo.

Basi akatafuta sababu. Nesi alikuwa ameacha kwake sare moja ya kubadilishwa zipu. Mama Redio aliipiga pasi mara mbili ili ionekane ni jambo rasmi, akazunguka kwa mlango wa mbele, akabisha.

Fundi Zege alifungua nusu. Nusu nyingine aliiziba kwa mwili.

"Nimemletea Nesi sare yake."

"Lete, nitampa."

"Lazima ajaribu mbele yangu. Zipu ikibana je?"

"Haitabana."

"Wewe ndiye unayeivaa?"

Alinyoosha mkono, na alipoinama kuipokea, Mama Redio alipata upenyo juu ya bega lake. Aliona korido. Upande wa kushoto mlango wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, ndani hapakuwa na kitanda, ni alama nne tu za miguu yake sakafuni. Na mwisho wa korido, pale palipokuwa na mlango mdogo wa kuingilia gereji, mlango ambao yeye mwenyewe aliupita mara nyingi kwenda kuazima ngazi, hapakuwa na mlango. Palikuwa na matofali. Matofali mapya, safu kwa safu mpaka juu, udongo wa katikati ukiwa bado mweusi kwa ubichi.



"Kuna kingine?" Fundi Zege aliuliza.

"Hapana, shemeji. Msalimie."

Alitoka akitembea kinyumenyume, kama mtu anayeaga mbwa asiyemjua. Alipofika usawa wa gereji, mlango wa chuma ulikuwa umeshuka. Na hapo akasikia, wazi kabisa, komeo likifungwa. Kra. Kwa ndani.

Akageuka. Fundi Zege alikuwa bado amesimama mlangoni, sare mkononi.

"Nani huyo kafunga?"

"Upepo."

"Upepo unafunga komeo?"

"Upepo wa siku hizi," akasema Fundi Zege, naye akafunga mlango wake.

Jioni hiyo Mama Redio alisema anakwenda kituoni kutoa taarifa. Wifi alimkalisha.

"Utawaambia nini? Kwamba mtu kapiga plasta mlango wake mwenyewe?"

"Nitawaambia kuna mtu mle ndani!"

"Na wakifika wakamkuta Nesi anakunywa chai sebuleni? Utaweka wapi uso?"

Ndipo alipofika fundi wa milango kuacha suruali zake mbili za kufupishwa. Mtu wa makamo, mwembamba, mwenye kazi ya kufunga milango ya chuma mji mzima. Mama Redio alimvuta kwenye benchi kabla hajasema habari yako.

"Hebu nieleze. Mlango wa gereji, wa kuinua, mtu akiuwekea povu kwa ndani, unakuwa mzito?"

"Povu? Haliongezi hata uzito wa paka. Unakata kibao kizidi nafasi yake kidogo tu, kinajibana chenyewe kwenye fremu. Gundi kidogo, utepe pembeni, basi. Joto linapungua nusu."

"Na akilipaka saruji?"

Fundi wa milango alicheka. Alipoona wengine hawacheki akaacha.

"Nani atafanya hivyo?"

"Jibu kwanza."

"Mama, ule mlango hauinuliwi na mikono yako. Unainuliwa na springi, ile nene iliyojikunja juu. Springi imepimwa kwa uzito wa mlango ule, si mwingine. Ukitaka kujua kama viko sawa, inua mlango mpaka kiunoni halafu uachie. Ukitulia pale pale, mzima. Ukishuka, springi imezidiwa. Ukiupaka saruji ni sawa na kuning'iniza mlango wa pili juu ya wa kwanza. Siku springi ikikatika, utasikia kama bunduki, na ule mlango hakuna wa kuuinua."

"Hakuna wa kuuinua," Mama Redio alirudia. Yeye habari ya springi ilimpita pembeni. Alichobaki nacho ni kwamba Fundi Zege alikuwa amejenga mlango usiofunguka.

Siku iliyofuata hakushona. Alikaa ameelekeza kiti upande wa jirani, shati la mteja mapajani kama kisingizio, anahesabu. Asubuhi kimya. Adhuhuri Fundi Zege alitoka, akatazama kushoto na kulia, akautingisha mlango wa gereji kwa kiganja kama anayepapasa ng'ombe, akaondoka kwa miguu.

"Ametazama kushoto na kulia," Mama Redio akatangaza.

"Anavuka barabara," Wifi akasema.

Saa tisa. Saa kumi. Kinyozi alikuwa anasimulia kisa cha mteja aliyesinzia akaamka bila nyusi, kibaraza kizima kimepasuka kwa kicheko, pale mlipuko ulipolia.

Mmoja tu. Pah! Kisha kishindo kizito kilichotingisha vikombe.

Kinyozi alikuwa tayari yuko chini ya meza ya kukatia. Mama Redio alikuwa tayari yuko juu ya ukuta. Hakukumbuka baadaye aliuparamiaje, na miaka yake hamsini na mbili na magoti yale. Alishukia upande wa pili, akakimbia hadi gerejini, akapiga chuma kwa viganja vyote viwili.

"Nani humo? Nani humo ndani?"

Akapiga tena. Halafu sauti, ya mbali, kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, we mwanamke! Unipigie kelele mpaka huku?"

Mama Redio aliweka paji la uso kwenye mlango.  "Nesi. Uko hai."

"Kwa nini nisiwe hai?"

"Amekufungia?"

"Nani?"

"Mumeo!"

"Anifungie vipi? Komeo liko kwangu. Nimefungua, nimeinua mlango ukafika magotini, kitu kikapasuka huko juu, umerudi chini. Umekosa kidogo tu vidole vyangu vya miguu. Sasa hauinuki hata kidogo."

"Humo ndani kuna nani mwingine?"

"Niko na kitanda."

"Kwa nini uko na kitanda?"

"Nitoe kwanza ndipo unihoji! Natakiwa wodini saa kumi na mbili. Kuna vichanga wanne waliozaliwa kabla ya wakati, na mwenzangu wa mchana hawezi kuondoka mpaka nifike."

  "Saa kumi na mbili ya jioni? Wewe si wa zamu ya asubuhi?"



"Nitoe, dada," Nesi akasema taratibu. "Nitakwambia."

Mama Redio alijaribu kumpigia Fundi Zege. Simu iliita ndani ya nyumba. Alijaribu kuinua mlango mwenyewe, akasikia mgongo ukimwonya. Basi akafanya alichokijua kuliko mtu yeyote mtaani. Alivuta pumzi, akageukia kibaraza chake na kupaza sauti.

Walikuja wote. Wifi na sindano ikiwa bado mdomoni. Kinyozi na vumbi la chini ya meza. Bwana harusi mwenye koti, aliyekuja kulichukua. Wateja watatu wanawake, mmoja amevaa gauni lenye pini kila mahali. Na fundi wa milango, ambaye Mungu mwenyewe alimleta kuchukua suruali zake, na ambaye aliutazama mlango, akaugonga kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Kumbe hukuwa unatania."

"Tuvunje?" Kinyozi aliuliza.

"Hakuna kuvunja. Na mtu asiguse waya wa pembeni wala kile chuma cha juu. Shikeni chini tu, mpangane toka kona hadi kona. Wewe mwenye pini, kaa katikati. Dada wa ndani! Unanisikia? Rudi nyuma mpaka ukutani."

"Nimerudi!"

"Mama Redio, lete matofali yale, na ile meza yako ya kukatia. Tunainua mara mbili. Ya kwanza kiganja kimoja, tunaweka matofali. Ya pili mpaka kiunoni, meza inaingia chini. Inueni kwa miguu, si kwa mgongo. Haya!"

Waliinua. Mlango ulilia, plasta ikapasuka kwa ndani na kumwagika kama mtu anayemimina mchanga bafuni. Bwana harusi akasema neno ambalo halikumfaa mtu wa wiki yake. Matofali yakaingia. Wakapumua. Wakainua tena, nyuso zimevimba, pini zinaanguka moja moja, meza ikasukumwa chini, mlango ukaikalia, na miguu ya meza ikatetemeka lakini ikasimama.

Nesi alitoka kwa magoti, viatu mkononi, sare mwilini, ile ile yenye zipu mpya. Nywele zilikuwa na punje nyeupe. Mama Redio alimshika mabega, akamgeuza huku na huku, akamtazama shingo, mikono, macho.

"Unatafuta nini?" Nesi aliuliza.

"Sijui. Alama."

Kisha akainama akachungulia ndani, kwa sababu alikuwa nani asichungulie. Hewa iliyomgusa uso ilikuwa baridi. Kitanda kilichotandikwa vizuri, chandarua, saa ya mezani, kamba fupi yenye sare mbili zilizoanikwa. Matundu madogo ya hewa juu ukutani. Mkeka. Chumba cha mtu anayelala, basi. Na mlango ule, kwa ndani, bado una plasta laini ya kupendeza pale ambapo haikumwagika, imenyooshwa kwa pima maji, kazi ya mtu aliyejua kazi yake na hakujua mlango.

Fundi Zege alikuta hivyo: mtaa mzima mbele ya gereji yake, meza ya kukatia imebeba mlango. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba mfuko mwingine wa saruji begani.

"Mzee," fundi wa milango akasema, "umetumia saruji kiasi gani hapa?"

"Mfuko mmoja tu. Na mchanga wake." Akaushusha ule wa pili. "Huu ni wa mkono wa mwisho wa plasta."

"Springi imekatika."

"Nilidhani mlango umekuwa imara."

"Mimi nilidhani ni uchovu," Nesi akasema. "Kila siku naona unazidi uzito, nikasema, basi nimeanza kuzeeka."

Watu wakacheka. Mama Redio hakucheka, na kwa kuwa yeye hakucheka, wengine wakaacha.

"Zamu ya usiku," akasema. "Tangu lini?"

"Wiki ya pili sasa."

"Unarudi asubuhi unalala mchana."

"Nalala saa mbili mpaka saa tisa. Nikiweza."

Mama Redio aligeuka akatazama kibaraza chake. Cherehani tatu, mabenchi mawili. Kisha akatazama dirisha la chumba cha kulala, lile la hatua nne. Hakuhitaji kuambiwa hesabu.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Umehama chumba chako mwenyewe, umelala kwenye gereji kama baiskeli, kwa sababu yangu. Na hukunipigia hata ukuta. Ungeniambia, Mama Redio funga domo."

"Ungefunga."

"Si ndiyo ningefunga!"

"Ndiyo ninachosema. Ungefunga." Nesi alikaa kwenye tofali akaanza kuvaa viatu, anaongea na kamba zake. "Ungewafukuza wote hawa. Ungefunika cherehani kwa shuka. Nakujua. Mimi niliyeziondoa zile shuka, dada, leo nije nikuombe uzirudishe? Nikamwambia huyu, tafuta njia. Asijue mtu, maana akijua mmoja utajua wewe. Ziara zenyewe nikazikata, nikawa naingia kabla hujafungua kibaraza na kutoka mkiwa mmezama kwenye kicheko, kwa sababu ungenitazama macho tu ukaelewa. Akasema upande wa gereji hakusikiki kitu, shida ni joto. Akaziba mlango wa ndani kwa sababu kicheko chako kilikuwa kinafuata korido."

"Kicheko changu kinafuata korido," Mama Redio alirudia kwa sauti ndogo.

"Kinapinda kona," Fundi Zege akasema.

 Kinyozi akasema pikipiki yake ina mafuta na saa inakwenda. Nesi alisimama, akamkumbatia Mama Redio kwa nguvu na kumwachia punje nyeupe kwenye kifua chote, akapanda nyuma ya pikipiki. "Msianze kunyamaza!" akapaza sauti wakikata kona. "Nitajua!"

Fundi wa milango alisema springi ataleta kesho, kwa sharti plasta itoke yote na mzee asiruhusiwe kushika hata gundi. Bwana harusi alikumbuka koti lake. Mama Redio alibaki pale, mikono imening'inia, mtu aliyezoea kujaza kimya cha wengine na sasa hajui aanze na kipi.

"Asubuhi nitatumia ile cherehani ya miguu," akasema hatimaye. "Ya umeme saa tisa. Mabenchi nitayahamishia upande wa barabara. Kicheko siwezi kuahidi."

"Sawa."

"Kitanda ukirudishe chumbani."

"Tutaona."

Fundi Zege aliokota mwiko wake, akaufuta kwa kidole gumba, upande huu, upande ule.

"Ulidhani nimemuua," akasema. Hakuwa anauliza.

Mama Redio alifikiria kukana. Alikuwa na maneno tayari, matatu au manne, mazuri. "Nilidhani," akasema.

"Na ukaruka ukuta."

"Nikaruka."

"Na hayo magoti."

"Usinikumbushe. Naanza kuyasikia sasa."

Aliguna, jambo ambalo kwa Fundi Zege lilikuwa karibu sana na kicheko. Akauegemeza mwiko ukutani, akaenda akafungua mlango wa mbele, safari hii wote, mpaka ukagonga ukuta wa ndani. Kutoka jikoni ilitoka harufu ya vitunguu vilivyokaangwa.

"Nampikiaga kabla hajaondoka. Leo hakuwahi kula, na chungu ni kikubwa."

"Umepika wewe?" Shaka ilimrudia hapo hapo, haikuwa mbali. "Usije ukawa umetia saruji."

"Kidogo tu, ya kushika." Akawatazama wengine waliokuwa wanajifanya wanaondoka: Wifi na sindano yake, mteja aliyebaki na pini mbili, bwana harusi anayepuliza mabega ya koti. "Na nyie. Ingieni mle. Ongeeni mnavyotaka, saa hizi hakuna aliyelala."